Shibiri Moja ya Upanga wa Usenge

Siku hiyo tulikuwa watu wanne, na nitawataja wote kwanza, asije mtu akasema nilikuwa peke yangu nikaota. Nilikuwepo mimi, mfua visu na mapanga. Alikuwepo Ouma, mdogo wangu anayenifuata, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alikuwepo Bwana Kamau, mfanyabiashara wa mjini anayenunua na kuuza vitu vya kale. Na alikuwepo Mama Adhis, mpika uji na chapati, ambaye kibanda chake na chetu vinatenganishwa na ukuta wa mabati tu. Wote wanne tungali hai. Ukifika Kisumu, ulizia kwa mafundi wa jua kali, utaonyeshwa.

Wa tano ndiye aliyenifanya nikae hapa kukusimulia.

Najua visa vya namna hii hupenda usiku wa manane, mbwa wakilia. Changu kilitokea saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha, taa ya stima ikiwaka juu ya vichwa vyetu na redio ya Mama Adhis ikitangaza bei ya mahindi. Kama ningekuwa natunga, ningetunga vizuri zaidi ya hapo, niamini.

Kazi yangu ni springi. Zile springi nzito za trela za miwa zinazovunjikia huko Muhoroni, mimi huzinunua kwa kilo na kuzigeuza mapanga, visu vya kuchinjia na majembe. Baba alikuwa na kazi hiyo hiyo. Alipokufa nilikuwa darasa la sita, na mama alipomfuata nilikuwa darasa la nane, muhula wa pili. Sikuufanya mtihani. Wadogo zangu walikuwa wanne, Ouma akiwa na miaka tisa, na nyundo ya baba ilikuwa pale pale ilipoachwa. Tangu siku hiyo, mwalimu akiuliza nani mzazi, mwenye nyumba akiuliza nani anajibu, polisi akiuliza hawa watoto ni wa nani, jibu lilikuwa moja: mimi. Ukisema neno hilo miaka mingi, mdomo unalizoea. Hulifikirii tena.

Sasa nikueleze kitu kidogo cha kazi, maana bila hicho kisa changu hakitakuingia. Chuma kigumu hakizaliwi kigumu. Unakipasha moto mpaka kiwe chekundu cha kutosha, kisha unakizima ghafla kwenye maji au oili. Hapo ndipo kinapopata ugumu wake. Ukikipasha tena bila kukizima, ugumu unaondoka, na hakuna anayeuona ukiondoka. Panga linabaki na sura ile ile, lakini ni sura tu. Ni kama mtu aliyezimia akiwa amesimama.

Utajuaje kwamba moto umetosha? Wengine wanaangalia rangi, lakini kibanda kina mwanga na macho hudanganya. Baba alining'iniza sumaku juu ya tanuri kwa waya mwembamba, sumaku ya spika mbovu, nami nimeiacha pale pale. Chuma kikiwa baridi, sumaku inakivuta. Kikifikia moto wa kuzimwa, sumaku inakiacha. Inaning'inia tu wima, kana kwamba mbele yake hakuna kitu. Hapo una muda wa kuvuta pumzi moja. Ukizidisha, umekosa.

Basi. Mchana wa siku hiyo Bwana Kamau alikuja na kitu kimefungwa kwenye gunia. Alikifungua juu ya benchi. Ulikuwa upanga wa kale wa Kijaluo, ligangla, mpana, wa urefu wa mkono kutoka begani hadi vidoleni, mpini umeliwa na mchwa, kutu imeutambaa wote. Ncha yake ilikuwa imepinda, shibiri moja hivi kutoka mwisho.

"Fundi, niambie ukweli," akasema. "Hii ni ya babu wa babu, ama ni springi imezikwa kwa matope?"

Hakukosea kuuliza. Kuna watu wanaofua panga leo, wanazizika kwenye tope la ziwa, wanazifukua baada ya miezi mitatu zikiwa na kutu ya miaka mia. Bwana Kamau alishauziwa mbili za namna hiyo, na Ouma hakuacha kumtania.

"Bwana Kamau, ile ya mwaka jana ilikuwa na alama ya kiwanda cha trekta," Ouma akasema. "Ulidhani ni sahihi ya chifu?"

"Wewe choma mageti yako, wachana na mimi," Kamau akajibu, lakini alicheka.

Nikauliza umetoka wapi. Akasema upande wa Usenge, kwenye boma la mzee aliyezikwa juzi juzi. Aliuziwa na mjukuu. Kuna mtu anayeutaka, atafika asubuhi, ila anataka kuhakikishiwa.

Nikaanza kazi. Blade ya kale huipeleki kwenye mashine ya kusagia. Mashine ina joto na haina adabu. Nilitwaa jivu laini, kitambaa na mafuta kidogo, nikasugua mahali padogo karibu na ncha, kisha katikati, kisha karibu na mpini. Ilinichukua karibu saa mbili. Chuma kilipokuwa cheupe nilikata ndimu za Mama Adhis, nikapaka maji yake, nikangoja.

Unajua ziwa likiwa tulivu, maji ya ukingoni yanavyochora mistari kwenye mchanga? Ndivyo chuma kile kilivyoanza kujichora. Mistari myembamba, mingine ikikutana, mingine ikikwepana, kutoka mpini hadi ncha. Springi haina hiyo. Springi ukiipaka ndimu inakuwa ya kijivu mahali pote, kama sufuria. Mistari ile inatokea pale ambapo mtu amechukua chuma kilichoyeyushwa kwa mkaa kutoka kwenye mawe, akakikunja, akakifua, akakikunja tena, mara nyingi, mpaka uchafu ukatoka na tabaka zikashikana. Wazee waliotutangulia walikipata chuma hicho kutoka milima ya Samia. Hakuna anayekitengeneza leo.

Ila si mistari iliyonifanya nikae chini. Kwenye makali yenyewe, chuma kiligeuka cheusi kama wingu la mvua, na mgongo ukabaki mweupe. Kati ya weusi na weupe kulikuwa na ukungu, mstari uliopanda na kushuka taratibu kufuata makali hadi kwenye ncha. Maana yake ni kwamba fundi yule alipachika chuma kigumu kwenye makali, akaacha chuma laini mgongoni, kisha akauzima upanga kwa namna ambayo makali yalipata ugumu na mgongo ukabaki na subira. Nikajaribu kwa tupa. Mgongoni tupa ilikula. Kwenye makali iliteleza kama mguu kwenye jiwe la mtoni. Baada ya miaka yote hiyo!

"Ni wa kweli," nikamwambia Kamau. "Na aliyeufua alikuwa mkubwa kuliko mimi na baba yangu tukiwekwa pamoja."

"Sawa. Basi ninyooshee hapo mwisho."

Nikakataa. Nikamweleza: ukiutia moto, ugumu wa hapo unakufa. Ukiupiga ukiwa baridi, unaweza kuvunjika. Njia ni kuubana kwenye gogo la mti mgumu na kuulazimisha kidogo kidogo, siku tatu au nne. Kamau akasema hana siku nne. Nikamwambia basi auze ukiwa umepinda, kwani mzee akipinda mgongo anaacha kuwa mzee? Akanung'unika, akakaa juu ya pipa mlangoni na simu yake. Mimi nikavuka barabara kwenda kwa maseremala kutafuta gogo.

Mvua ikanikuta huko. Unaijua mvua inayotoka ziwani, haikuombi ruhusa. Nikajibanza kwa maseremala kama nusu saa. Niliporudi na gogo begani, Ouma alikuwa amesimama katikati ya kibanda akitabasamu, ameushika upanga kwa koleo.

"Brathe, nimekumalizia. Angalia, imenyooka kama rula."

Mtungi wa gesi ulikuwa umefunguliwa. Kwenye upanga, kuanzia ncha kurudi nyuma, kulikuwa na rangi zikifuatana: kijivu, buluu, zambarau, kahawia, manjano ya majani makavu. Ni rangi nzuri sana. Kwa mfua visu ni kama kuona damu.

"Ulitia moto?"

"Kidogo tu."

"Kidogo rangi gani, Ouma?"

Akaugeuza upanga kwenye koleo. Kisha akasema, "Nyekundu."

Sikumfokea, na hata leo simlaumu sana. Geti likipinda, fundi wa mageti analipasha, analinyoosha, analipaka rangi, mwenye geti anashukuru. Chuma cha geti hakina kitu cha kupoteza. Miaka yote Ouma ameshika chuma cha namna hiyo. Bwana Kamau alikuwa amemsukuma, naye akataka kunisaidia.

Nilipaka ndimu tena. Ule ukungu uliokuja ukishuka na kupanda kutoka mpini, ulifika kwenye shibiri ya mwisho ukapotea, kama njia inayoingia kwenye gugumaji. Nikaweka tupa kwenye makali ya ncha. Ilikula kama inakula sabuni.

"Lakini imenyooka, si ndio?" Kamau akauliza kutoka mlangoni.

Kabla sijamjibu, kuna mtu aliingia.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa koti zito la rangi ya majivu na suruali iliyokunjwa mara moja. Alikuwa amelowa kama mtu yeyote aliyetembea kwenye mvua ile. Sikuona lolote la ajabu kwake. Nilidhani anataka jembe. Alisalimia kwa Dholuo, lugha ya kwetu, Dholuo cha upande wa Yimbo, huko huko Usenge, cha taratibu, na maneno mengine ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu tu. Nikamwitikia "Jaduong', karibu," kama tunavyomwita mzee, nikamsogezea kiti. Hakukaa.

Alimtazama Bwana Kamau kwanza. Akamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Wewe ulipitia mlango wa nyuma."

Kamau akainuka kutoka kwenye pipa. "Mzee, mimi nilinunua. Kijana ndiye aliniuzia."

"Nasema mlango wa nyuma. Wa mbele ulikuwa na mama amekaa chini."

Nimeshamuuliza Kamau mara nyingi kuhusu hilo. Anakubali. Mjane alikuwa ameketi mlangoni akiomboleza, na mjukuu akautoa upanga kupitia jikoni. Huko jikoni hakukuwa na mtu zaidi ya Kamau na mjukuu. Kamau alishika koti lake, akasema ameacha gari vibaya, akatoka mvuani. Hakurudi siku hiyo.

Mgeni akaja kwenye benchi, na hapo ndipo nilipoona. Sumaku ya baba ilianza kusogea. Nilidhani upepo, nikaituliza kwa mkono kama ninavyofanya siku zote. Nilipoiachia, ikainuka tena. Waya ulikuwa umelala upande mmoja, umekazika, na sumaku ilikuwa inamwelekea yule mtu. Alipopita kushoto, ikamfuata kushoto. Aliposimama, ikatulia, imemnyookea kifuani kama mbwa anayenusa.

Unadhani nilikimbia? Kwani ningekimbilia wapi, na Ouma yuko kona ya ndani, na mtu yule yuko kati yetu na mlango? Nilimwangalia Ouma. Naye alikuwa anaitazama sumaku.

Yule mtu aliuchukua upanga bila kuomba. Akaugonga kwa ukucha karibu na mpini, ukalia, sauti ndefu na safi. Akagonga katikati, ukalia. Akagonga kwenye ncha. Tak. Kama kugonga ubao.

"Hapa pamekufa," akasema. Kisha: "Nani ameutia moto?"

Sauti yake haikuwa ya hasira. Alikuwa anauliza tu, kama mwalimu anayejua daftari ni la nani. Lakini koti lake lilianza kutoa mvuke. Kwanza mabegani, kisha mgongoni. Maji ya mvua yalikuwa yanapanda kutoka kwake kama kutoka kwenye sufuria, na nikahisi joto usoni, lile lile joto ninalolihisi kila siku nikifungua tanuri. Tanuri lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

"Nimeuliza," akasema. "Mkono gani?"

Nikamsikia Ouma akivuta pumzi. Alikuwa anataka kusema. Namjua, nimemlea, si mtu wa kujificha. Alishafungua mdomo.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi."

Wakati huo huo sumaku ilianguka. Waya haukukatika. Sumaku ilimwachia tu, ikarudi wima na kuning'inia, kana kwamba mbele yake hakuna mtu.

Wewe ambaye si mfua chuma utaniuliza, kwa hiyo? Mimi nakuambia sijawahi kuogopa namna ile, kwa sababu nilijua inamaanisha nini. Mtu yule alikuwa amefikia moto wa kuzimwa. Na nilijua nina muda wa pumzi moja.

Akanyoosha mkono. Alikuwa ameushika upanga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo alininyooshea wa kushoto. Ouma akapiga kelele, "Usimshike!" Lakini nilikuwa nimeshasema mimi, na mtu aliyesema mimi harudishi mkono mfukoni. Nikampa wangu wa kushoto.

Sikuungua. Hilo watu hawaliamini. Nilihisi kitu kizito, kama kushika mwisho wa reli, na nikahisi kitu kikitoka kwangu kwenda kwake, kupitia kiganja. Akaniinamia. Alinukia mkaa wa mti mbichi. Akaniambia sikioni, kwa Dholuo, maneno ambayo Ouma hakuyasikia.

"Umechukua shibiri moja. Utanirudishia shibiri moja, ngumu kama nilivyoiacha. Ukifa kabla ya kunilipa, nitaenda kwa anayekufuata."

Akauweka upanga juu ya benchi, taratibu, akatoka mlangoni na kuingia kwenye mvua.

Halafu tukasikia sauti. Tsssss! Ndefu. Kama mtu ametumbukiza ekseli nzima ya lori, nyekundu, kwenye bwawa. Ukungu mweupe ukajaa mlangoni, ukaingia ndani, hatukuonana kwa muda. Ulipotawanyika, barabarani hapakuwa na mtu.

Mama Adhis akachungulia juu ya mabati, mwiko mkononi.

"Nyinyi! Mmezima nini kikubwa hivyo? Mmenijazia moshi kwenye chapati!"

Ndiyo maana nilimtaja mwanzoni. Yeye hakumwona mtu yeyote. Lakini alisikia, na chapati zile zilikuwa na vumbi jeusi ambalo ukilileta karibu na sumaku lilisimama kama manyoya. Tulizitupa.

Siku ya tatu nilikwenda Usenge, nimeufunga upanga kwenye blanketi. Bwana Kamau alikuwa amenipigia simu kusema, "Fundi, hiyo kitu kaa nayo, mimi sitaki hata kujua." Boma nilionyeshwa bila shida, kupita mahali wanapoanika omena. Mjane ni mwanamke mkongwe sana, mwembamba, mwenye masikio makali. Nilimweleza kila kitu, nikauweka upanga mbele yake. Nilitegemea anifukuze au alie. Aliniuliza swali moja tu.

"Alikupa mkono gani?"

"Wa kushoto, Mama."

Akatikisa kichwa. "Basi hakutaka kukuangamiza. Jatheth, mfua chuma, akitaka kumwangamiza jatheth mwenzake, anachukua wa nyundo. Wewe amekuchukulia wa koleo."

Akaniambia upanga ule ulifuliwa na babu wa mume wake, na kwamba ulikuwa unatolewa siku za tero buru tu, wanaume wanapokwenda na ng'ombe kukifukuza kifo baada ya mzee kuzikwa. Safari hiyo walipoutafuta ili wauchukue hawakuuona. Wakaenda na fimbo. Nikamuuliza aliuzimaje, yule babu. Kwenye maji? Mafuta? Udongo? Akasema alipoolewa aliwakuta wanawake wakisimulia kwamba mke wa fundi alikuwa akiteka maji ziwani kabla ya alfajiri bila kusemesha mtu njiani, na kwamba kuna kitu kilichotiwa ndani yake. Kitu gani, hakuna aliyemwambia bibi harusi, na walioweza kuambiwa wamekwisha kufa.

Nikamwomba aupokee upanga wake. Akakataa. "Siwezi kupokea kitu ambacho hakijakamilika," akasema. "Ukikamilika, utauleta. Pitia mlango wa mbele."

Kwa hiyo uko kwangu hadi leo, umepakwa mafuta, umefungwa, uko juu ya kabati la nguo.

Mkono wangu wa kushoto unafanya kazi zote. Unashika, unakunjika, unafunga vifungo. Lakini hauhisi joto wala baridi. Mara mbili nimeokota chuma cha moto nikajua kwa harufu ya nyama yangu. Daktari aliuchoma sindano, nikaihisi. Akauwekea barafu, sikuihisi. Akaandika kitu, akaniambia nirudi. Sijarudi. Mke wangu ndiye anayepima maji ya kuoga ya watoto.

Ninachofanya ni kujifunza. Chuma cha kale kina tabia yake. Ukikizima haraka mno kinapasuka, ukikizima taratibu kinabaki laini, na upanga ule una nafasi moja tu. Ncha ikipasuka, hakuna shibiri ya kumrudishia mtu. Kwa hiyo siugusi. Siku za soko naenda Katito na kwingine, nanunua majembe ya zamani yaliyovunjika, yale ya chuma cha Samia yanayokaa kwenye paa za jikoni bila kazi. Nayasafisha, napaka ndimu, nikiona mistari nachukua. Nimejaribu kwenye maji ya ziwa ya alfajiri. Nimejaribu maji yenye chumvi, yenye jivu, mafuta ya samaki aina ya kamongo, maziwa yaliyoganda. Nimepaka udongo wa mfinyanzi mgongoni nikaacha makali wazi. Vingi vimepasuka. Vingine tupa imevila. Kipande kimoja, mwezi uliopita, tupa iliteleza mara tatu, na ya nne ikakamata. Nilikaa chini nikakitazama hadi giza likaingia.

Sasa nikuonye, kisha nikuache. Kama nyumbani kwenu kuna upanga, mkuki au kisu cha wazee, hata kiwe kimepinda, kimekula kutu na hakikati mboga, usikitie moto. Usimpe mtu wa kuchomelea, hata awe ndugu yako na anakupenda. Hujui ni nani aliyekizima, wala alikizima kwa nini, wala kama amemaliza nacho. Na kama utaulizwa nani amefanya, ukajibu mimi kwa ajili ya mwingine, jibu ukijua kwamba utaaminiwa.

Mimi sijutii. Ouma, yule anayenifuata, ameoa, ana mtoto wa kiume, na bado anachoma mageti. Anaamini kwamba yule mtu alininong'oneza baraka, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Kitabu hasomi, kwa hiyo hili halitamfikia, isipokuwa wewe umwambie. Nakuomba usimwambie. Nina miaka arobaini na mitatu, nafua mchana, najaribu jioni, na shibiri ya yule mzee bado ni laini.